Vipaji Mbinga vipo, ngazi ziko wapi?

Watu wakisikia kwamba nacheza besiboli huwa wanacheka, na wana haki yao. Hapa Bongo ukitaja besiboli, wengi wanamkumbuka jamaa wa kwenye sinema za Marekani aliyeshika gongo (sio ile ya kunywa) akielekea kuvunja kioo cha gari la mtu. Lakini mimi sichezi uwanjani. Nacheza kwenye kompyuta, ile michezo ya umeneja. Unakabidhiwa timu, unasajili, unapanga kikosi, kisha unasubiri matokeo kama kocha mwingine yeyote. Wapinzani wako ni mameneja wenzako waliotawanyika duniani, mmekutanishwa na intaneti. Mchezo mmoja maarufu wa aina hiyo, Out of the Park Baseball, ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na Mjerumani anayeitwa Markus Heinsohn. Mjerumani katengeneza mchezo wa Wamarekani, Mbongo anaucheza usiku wa manane. Dunia imekuwa kijiji kweli.

Sitaki kuwachosha na sheria za besiboli. Ninachotaka kuzungumzia ni namna mchezo huu unavyokulazimisha kulea vijana, na kwa nini kila nikiucheza mawazo yangu yanakimbilia Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa.

Ni hivi. Unampata kijana wa miaka 17. Kompyuta inakuonyesha uwezo wake wa leo, halafu inakupa makisio ya anakoweza kufika. Hayo ni makisio tu, sio ahadi. Kuanzia hapo una njia nyingi za kumharibu. Ukimpandisha timu ya wakubwa na kumkalisha benchi, hakui. Ukimpeleka kwenye ligi iliyomzidi kimo, anapigwa kila siku mpaka anakata tamaa. Kama ni mrushaji na ukamrushisha kila mechi kwa sababu unataka ushindi wa leo, mkono wake unakufa kabla hajafikisha miaka 20. Njia ya kumkuza ni moja tu, na haina uchawi: mweke ngazi inayomfaa, acheze mara kwa mara, apate mwalimu, na wewe usubiri. Akiizoea hiyo ngazi, mpandishe inayofuata.

Meneja mwenye papara mchezo huu unamwadhibu vibaya. Mwenye subira anaweza kukaa miaka minne ya mchezo bila kikombe, halafu wa tano akawakuta wale watoto wake wamekuwa watu wazima na hakuna anayewaweza.

Msidhani hayo ni mambo ya kompyuta peke yake. Besiboli yenyewe huko Marekani inaendeshwa hivyo. Mtu aliyeujenga mfumo huo ni Branch Rickey, alipokuwa akiiongoza klabu ya St. Louis Cardinals miaka ya 1920. Klabu yake haikuwa na fedha za kushindana na matajiri kununua mastaa, basi akaamua kumiliki timu ndogo ndogo za mikoani na kuzitumia kukuza vijana. Wamarekani mpaka leo wanaziita timu hizo shamba. Mchezaji anaanza chini kabisa, anapanda ngazi moja baada ya nyingine, na kila ngazi ina ligi yake na ratiba ndefu ya mechi. Hata Jackie Robinson, Mweusi aliyevunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu mwaka 1947, alipitishwa kwanza Montreal kwa msimu mzima wa 1946, na aliyemsajili alikuwa Rickey huyo huyo.

Kama Robinson mnamwona wa zamani sana, mchukueni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008. Alicheza ligi kuu kwa mara ya kwanza Aprili 2017, akawa mchezaji wa kwanza kutoka bara la Afrika kufika huko. Miaka tisa! Angekuwa kwetu, mwaka wa pili tu tungeshamwita galasa.

Sasa twende Mbinga.

Neno shamba Mmatengo halihitaji kufafanuliwa. Hawa ni watu waliobuni kilimo cha ngoro kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona anajiuliza mtu anasimama vipi, seuze kulima. Ni watu wa kahawa. Wanajua kwamba mche unaanza kitaluni, unatiwa kivuli, unamwagiliwa, unahamishiwa shambani ukishapata nguvu, na mavuno ya kwanza ya maana unayasubiri kama miaka mitatu. Pale Ugano kuna kituo kizima cha utafiti wa kahawa ambacho kazi yake mojawapo ni kuhakikisha mkulima anapata mche ulio bora. Hakuna mkulima wa Mbinga anayetupa mbegu njiani halafu akarudi baada ya miaka mitatu na gunia mkononi.

Ila kwenye soka hivyo ndivyo tunavyofanya. Tunatupa mbegu njiani na kurudi na gunia.

Mtoto wa Lituhi, Liuli au Mbamba Bay anaanza mpira mchangani, na mchanga wa ziwani ni mwalimu mzuri, unakupa mapafu na miguu. Akifika shule ya msingi anakutana na UMITASHUMTA, sekondari anakutana na UMISSETA. Nayaheshimu mashindano hayo, maana bila hayo watoto wengi wasingevaa jezi maishani mwao. Lakini tuyahesabu kama meneja. Ni mashindano ya msimu, yanachezwa kwa kipindi kifupi katikati ya mwaka. Timu ikitolewa ngazi ya wilaya, mtoto kacheza mechi tatu au nne za ushindani. Hizo ndizo mechi zake za mwaka. Muda wote uliobaki ni chandimu, au kukaa kibarazani akisubiri timu ya wakubwa ya kata ipungukiwe mtu kwenye mechi ya bonanza. Kwa lugha ya mchezo wangu, huyo ni kijana wa miaka 15 aliyekalishwa benchi miezi kumi na moja. Kompyuta ingekuwa imeshaniandikia kwamba kipaji chake kinashuka.

Na juu yake kuna nini? Majimaji ya Songea iliwahi kuwa bingwa wa Muungano katika miaka ya 1980, enzi ambazo Simba na Yanga wakipangiwa safari ya Ruvuma walikuwa hawalali. Ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, ikashuka tena mwaka 2018, na tangu hapo mkoa haujawa na timu yake huko juu. Kanuni za leseni zinazitaka klabu kubwa ziwe na timu za vijana, jambo jema kabisa, lakini kanuni hiyo haimfikii mtoto ambaye mkoa wake hauna klabu kubwa. Uwanja wetu mkubwa kuliko yote pale Temeke unaitwa Benjamin Mkapa. Mzee Mkapa alisoma seminari ya Kigonsera, huko huko Mbinga. Elimu ilikuwa na ngazi zake, akazipanda mpaka Ikulu. Mtoto wa Kigonsera wa leo anayetaka kucheza kwenye uwanja wenye jina hilo apande ngazi gani? Ya kwanza naiona na ya mwisho naiona. Za katikati hazipo, anatakiwa aruke.

Najua kuna watakaosema kipaji halisi hakizuiliki, Samatta mbona alitoka? Sawa, basi tumwangalie huyo Samatta. Alianzia African Lyon, akaenda Simba, mwaka 2011 akaenda TP Mazembe, mwaka 2015 akatwaa nao ubingwa wa Afrika, Januari 2016 akahamia Genk ya Ubelgiji, akawa bingwa wa nchi hiyo mwaka 2019, na Januari 2020 akatua Aston Villa. Hizo ni ngazi, tena zimepangwa vizuri kuliko meneja yeyote wa kwenye kompyuta angezipanga. Kila alikopita alicheza. Miaka zaidi ya minne Lubumbashi akicheza mechi kubwa ndiyo iliyomtengeneza. Samatta hathibitishi kwamba ngazi hazina maana. Amethibitisha kwamba Mtanzania akizipata anapanda, na kwamba ya kwanza ilikuwa karibu na nyumbani kwao, Mbagala. Angezaliwa Liuli ingekuwaje?

Wengine watasema tuwachukue watoto wenye vipaji tuwapeleke akademi za Dar au Mwanza. Kwa wachache, sawa. Lakini nani atawachagua, na atawaonea wapi, ikiwa hawachezi? Skauti akija siku moja Mbinga atamwona mtoto mwenye bahati siku hiyo. Anayeumwa malaria wiki hiyo ndiyo basi tena. Hata mameneja wa kompyuta hatumsajili mtu kwa mechi moja, tunaangalia takwimu za msimu. Na msimu huko haupo.

Kuna jambo lingine ambalo mchezo wa kompyuta unalo na sisi hatuna: umri wa kweli. Kwenye skrini kijana wa miaka 17 ana miaka 17. Kwetu kuna vijeba. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kizazi kizima cha watoto waliokuwa na umri halali kikaenda na maji. Miaka kumi na miwili baadaye kibao kikageuka, tukaenda Gabon 2017 baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa kwa utata wa umri wa mchezaji wao. Siku hizi FIFA wanapiga picha ya mfupa wa kifundo cha mkono kwenye mashindano ya chini ya miaka 17, tangu mwaka 2009. Mfupa haudanganyi.

Jirani zetu wa Uganda walilionja hilo kwenye besiboli yenyewe. Mwaka 2011 timu yao ya watoto ilishinda mashindano ya kanda, ikapata nafasi ya kwenda fainali za dunia za Little League huko Marekani. Viza zikakataliwa kwa sababu nyaraka za umri hazikueleweka. Fikiria hao watoto. Mwaka uliofuata wenzao wa Lugazi wakaenda na nyaraka zilizonyooka, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali hizo, na wakashinda mechi dhidi ya timu ya Oregon. Muongo mmoja baadaye, 2022, Los Angeles Dodgers wakawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na wakaanzishwa ngazi za chini kama kawaida. Uganda! Nchi ambayo besiboli haina mizizi kama soka. Sisi nasi tunayo besiboli, Wajapani walisaidia kuianzisha kwenye shule kama Azania na Kibasila za Dar mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kumbe sio lazima mchezo uwe wa asili. Kinachotakiwa ni uwanja, mwalimu, mechi na karatasi.

Karatasi nayo ni fedha, jamani, na hapa naomba viongozi wa timu za kata wanisikilize. FIFA wana kanuni ya mshikamano. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa kuanzia 12 hadi 15 una robo asilimia ya ada, kila mwaka wa kuanzia 16 hadi 23 una nusu asilimia. Tufanye hesabu. Mtoto kaichezea timu ya Mbamba Bay akiwa na miaka 14, 15, 16 na 17, halafu siku moja anauzwa Ulaya kwa euro milioni 1, ambayo kwa Ulaya ni bei ya kawaida kabisa. Mbamba Bay inastahili euro 15,000. Tangu Novemba 2022 FIFA wana chombo maalumu kule Paris cha kugawa fedha hizo kwa kufuata pasipoti ya mchezaji ya kielektroniki. Lakini pasipoti hiyo inasoma usajili tu. Kama timu yako haitambuliki kwenye shirikisho na mtoto hakusajiliwa, basi kwa mujibu wa Paris hukuwahi kumwona. Fedha zitakwenda kwa mwingine, wewe utabaki kijiweni ukisimulia kwamba yule mimi ndiye niliyemnunulia viatu vya kwanza.

Sasa niseme ubaya wa mchezo wangu pia, maana sitaki muone kama nimeanza kuamini kompyuta kuliko watu. Kuna kitufe pale cha kumwacha mchezaji. Kijana akifika miaka 22 hajafikia yale makisio, unabonyeza, anatoweka. Jina linafutika na nafasi inapata mwingine. Nimekibonyeza mara nyingi mno bila hata kukumbuka jina. Katika maisha kitufe hicho hakipo. Kijana anayeachwa na timu anapanda basi, anarudi Nyasa, na usiku wa pili yuko mtumbwini akivua usipa na wenzake ambao hawakuwahi kuondoka. Kama aliacha shule kidato cha pili kwa sababu kuna mtu alimwahidi Ulaya, karudi mikono mitupu. Hata huko Marekani walioko ngazi za chini waliishi kwa ujira wa aibu kwa miongo mingi, mpaka mwaka 2023 walipopata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Wengi wanaopanda ngazi hawafiki juu. Huo ni ukweli wa mchezo wowote.

Ndiyo maana nataka ngazi ziwe karibu na nyumbani. Mtoto anayecheza kila Jumamosi kwao, akilala kwao na kusoma kwao, akishindwa kuwa Samatta hajapoteza kitu. Kapata afya, marafiki na nidhamu, na cheti cha kidato cha nne kiko kabatini. Tofauti na yule aliyesafirishwa Dar akiwa na miaka 14 akaishia kufukuzwa kwenye chumba cha kupanga.

Ninachopendekeza ni kidogo, hakihitaji mfadhili kutoka nje. Ligi mbili za vijana chini ya miaka 17, moja ya milimani, Mbinga mjini, Kigonsera na kata za jirani, nyingine ya mwambaoni, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na wenzao. Timu sita sita, nyumbani na ugenini. Kila timu inapata mechi kumi za uhakika, kila ligi inakuwa na mechi thelathini. Ratiba ipishane na masika na msimu wa kuchuma kahawa. Mabingwa wakutane mwishoni, maana lami imeshafika mpaka Mbamba Bay na kisingizio cha barabara kati ya mji huo na Mbinga kimekwisha. Shule zina viwanja na walimu wa michezo. Halmashauri za Mbinga na Nyasa zina maofisa michezo. Vyama vya ushirika vya kahawa vikitoa jezi na mipira, jina la kahawa ya Mbinga litakaa kifuani mwa watoto wake wenyewe. Na wasichana wawe na ligi yao, sio wa kuongezea mwishoni. Timu ya kwanza ya Tanzania kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la soka ni Serengeti Girls, India, mwaka 2022. Aliyelisahau hilo analikumbuka sasa.

Sharti moja tu lisiguswe: kila mtoto aje na cheti cha kuzaliwa, na kila timu isajiliwe. Watakaokosa cheti wasaidiwe kukipata kabla ya msimu, sio kufukuzwa. RITA wapo. Mwaka wa kwanza itakuwa shida na kelele nyingi. Mwaka wa tatu mtaona.

Mkulima wa kahawa haulizi kwa nini mche wake haujazaa mwaka wa kwanza. Anapalilia, anasubiri, na anajua ameupanda wapi. Tuwape na watoto wetu heshima hiyo ambayo tumekuwa tukiwapa miche.